Runinga ya HD kwa bajeti ya shilingi 30,000 hapa Mombasa: pimeni sebule kwanza

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu katika muda mfupi uliopita majirani wanne hapa Tudor wameniomba niwasindikize mjini kununua runinga, na mara zote nne swali la kwanza walilomuuliza muuzaji lilikuwa "Hii ni 4K?", ilhali swali ambalo lingewaokolea fedha, yaani mtazamaji huketi umbali gani kutoka kwenye skrini, halikuulizwa na yeyote, si mnunuzi wala muuzaji. Mimi si fundi wala sina duka. Ni mtu wa mshahara wa kawaida aliyenunua runinga mbili, ya kwanza kwa pupa na ya pili kwa utaratibu, na haya ninayoandika yanatokana na tofauti iliyokuwapo kati ya manunuzi hayo mawili. Nitachukulia bajeti ya shilingi 30,000, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo mkononi, ingawa hesabu zenyewe hazibadiliki kwa mwenye pungufu au zaidi.

Tuanze na maandishi ya kwenye katoni. Runinga ya inchi 32 iliyoandikwa "HD" au "HD Ready" kwa kawaida huwa na paneli, yaani kioo chenyewe cha picha, ya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1366 kwa 768, ambazo zikizidishwa hupata milioni 1 hivi. "Full HD" ni pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi kidogo ya milioni 2, na "4K" ya runinga ni 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Muuzaji hukomea hapo, kwa sababu hakuna mteja asiyejua kwamba nane ni zaidi ya mbili. Asichokitaja ni kwamba jicho nalo lina kikomo chake. Mtu mwenye macho mazima hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya sitini ya digrii, ambayo kwa aliyeketi mita 2.5 kutoka ukutani ni kiasi cha milimita 0.7. Sasa chukueni runinga ya inchi 43, ambayo kioo chake kina upana wa sentimita 95, mgawanye upana huo kwa 1920: kila pikseli inakuwa na nusu milimita, ambayo tayari ni ndogo kuliko kile ambacho jicho linaweza kukitenga kutoka pale kwenye kochi. Ya 4K ya ukubwa uleule ina pikseli za robo milimita. Aliyeketi mita 2.5 akilipia hiyo kwa ajili ya pikseli peke yake, amelipia nukta asizoweza kuziona hata akikodoa macho.

Kwa hesabu hiyohiyo, inchi 32 ya "HD Ready" huonekana safi kuanzia kama mita 1.8, inchi 43 ya Full HD kuanzia mita 1.7, na inchi 43 ya 4K huanza kuonyesha ubora wake wote mtu akiwa chini ya mita moja, mahali ambapo katika nyumba nyingi pamewekwa meza ya chai. Sisemi kwamba 4K ni ulaghai. Bei zikikaribiana ichukueni, maana mara nyingi hupewa prosesa bora kidogo na matundu mapya zaidi ya HDMI, yaani ya waya mmoja unaobeba picha ya HD pamoja na sauti. Ila bajeti ikibana, fedha ya tofauti ina kazi nyingine nitakazozitaja, na zote zinaonekana kwa macho au kusikika kwa masikio.

Kuna jambo lililonigharimu katika ununuzi wa kwanza. Katoni iliandikwa "Full HD 1080p" kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kutafutwa, iliandikwa kwamba runinga "inakubali" 1080p. Kukubali si kuonyesha. Ilipokea picha ya 1920 kwa 1080 kisha ikaifinya iingie katika paneli ya 1366 kwa 768. Siku hizi nakwenda dukani na flashi yenye picha moja niliyoitengeneza kwenye kompyuta: ukubwa wake ni 1920 kwa 1080, nayo ina mistari myeusi na myeupe inayopishana, kila mstari ukiwa na unene wa pikseli moja tu. Kwenye paneli ya kweli ya Full HD, mistari hiyo huonekana mmoja mmoja ukisogeza uso karibu na kioo. Kwenye paneli ya kusingizia hugeuka kijivu, au hutoa mawimbi yasiyokuwamo katika picha. Kabla ya kumhukumu muuzaji, hakikisheni kwamba mpangilio wa ukubwa wa picha haukatizi kingo, kwa sababu runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zinaivuta picha kidogo nje ya fremu, na hilo huharibu jaribio. Muuzaji mmoja aliponiona na flashi aliniambia hawaruhusu. Nilimshukuru nikatoka, na nadhani tulielewana.

Mkiwa dukani, ombeni pia runinga iondolewe katika modi ya maonyesho. Modi hiyo hupandisha mwangaza na kuielemeza rangi upande wa buluu ili runinga ishindane na zilizopangwa pembeni yake chini ya taa kali, na ndiyo maana samaki wa matumbawe katika video za maonyesho huwa na rangi ambazo sisi tuliozaliwa karibu na bahari hatujapata kuziona. Wekeni modi ya filamu au ya kawaida, kisha ombeni chaneli yoyote ya mpira. Uwanja wa kijani wenye wachezaji wanaokimbia utawaonyesha kama picha inaacha vivuli nyuma ya mpira na kama kijani kina mabaka. Halafu wekeni picha nyeupe tupu kutafuta nukta zilizokufa, na picha nyeusi tupu kuona mwanga unaovuja pembezoni.

Aina ya paneli haiandikwi kwenye katoni mara nyingi, lakini inahusu sana namna tunavyoketi. Paneli za VA zina weusi mzito na zinapendeza kwa anayetazama kutoka mbele. Za IPS weusi wake hufifia kidogo, lakini rangi hubaki palepale hata kwa aliye upande. Nyumbani kwangu wageni huketi kuzunguka kuta tatu, na watoto hulala kwenye mkeka karibu kabisa na ukuta wa runinga, kwa hiyo nilichagua IPS bila kusita. Njia ya kujua ni rahisi: simama ubavuni mwa runinga dukani, kisha chutama. Sura za watu zikipauka, hiyo si ya nyumba yenye wageni wengi.

Sasa nije kwenye mambo ya hapa kwetu, ambayo mshauri wa mbali hawezi kuyataja. La kwanza ni hewa ya bahari. Runinga yangu ya kwanza niliitundika mkabala na dirisha linalopokea upepo wa kusi, nikifurahi kwamba ingepoa. Baada ya takriban miaka mitatu ilianza kuonyesha mistari ya wima. Fundi alipoifungua alinionyesha ubao wake ukiwa na ukungu wa kijani kwenye viungo vya shaba, na kilichokuwa kimeuleta ni chumvi na unyevu vilivyokuwa vikiingia kupitia matundu ya nyuma kila siku. Tangu hapo runinga yangu haikai kwenye njia ya upepo wa baharini. Siifuniki kwa kitambaa inapokuwa moto, na kama tutasafiri kwa muda mrefu, nikirudi huiwasha na kuiacha ifanye kazi kwa saa moja au mbili, kwa kuwa joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Skrubu za kutundikia nazo zinunuliwe zisizoshika kutu, kwa sababu runinga iliyoanguka haina fundi.

La pili ni stima. Umeme wetu ni wa volti 240, na kwa kawaida madhara hayatokei unapokatika, hutokea unaporudi. Tengeni fedha ya gadi ya runinga, ile ambayo hukata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi na huchelewa kuurudisha hadi utulie. Wapo wanaonunua runinga ya shilingi 29,500 kisha wakaichomeka kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja kwa kuwa bajeti imekwisha. Nami katika ununuzi wa kwanza nilikuwa mmoja wao.

La tatu linanikera zaidi kuliko yote kwa sababu halina gharama. Nimeingia katika nyumba kadhaa ambamo runinga mpya ya Full HD imeunganishwa na dekoda kwa ule waya wa zamani wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Waya wa njano haubebi HD hata kidogo. Hubeba picha ya kizamani isiyozidi mistari 576, kisha runinga huivuta ijaze kioo chote, na mwenye nyumba huilaumu runinga kwamba ina ukungu. Nunueni waya wa HDMI, wa kawaida tu, maana kwa urefu wa mita moja au mbili waya wa bei ghali haubadilishi picha. Kisha ingieni katika mipangilio ya dekoda mchague 1080. Hata hivyo msitarajie muujiza kwa kila chaneli, kwa sababu zipo zinazorushwa kwa ubora wa chini tangu mwanzo, na hizo kioo kikubwa huzidi kuzianika.

Kuhusu runinga janja nitasema machache. Kwa pikseli za Full HD intaneti ya Mbps 5 inatosha kutazama Netflix, na kwa 4K kampuni hiyo hupendekeza Mbps 15. Kwa upande wa data, saa moja ya HD yaweza kumeza hadi GB 3 na ya 4K hadi GB 7. Anayenunua bando kwa siku azipime hesabu hizo kabla ya kuitamani 4K. Ulizeni pia mfumo wa uendeshaji: Tizen ya Samsung, webOS ya LG, VIDAA ya Hisense na Google TV inayotumiwa na TCL na wengineo zinafahamika na hupata masasisho. Baadhi ya runinga za bei ya chini zina Android isiyoidhinishwa na Google, na katika hizo programu za filamu huenda zikakataa HD au zisifunguke kabisa. Ikiwa ndiyo pekee mnayoimudu, inunueni kama runinga ya kawaida, na ujanja mje kuuongeza baadaye kwa kifaa cha kuchomeka kwenye HDMI.

Naomba michango na masahihisho.

Mchangiaji wa Likoni:
Shukran ndugu yangu kwa maelezo. Mimi bajeti yangu ni nusu ya hiyo yako, na nimeambiwa zipo runinga zilizotumika kutoka Uingereza, za majina makubwa, kwa bei ninayoiweza. Je, niende huko au ninunue inchi 32 mpya ya jina lisilojulikana sana?

Mwanzisha uzi:
Zipo nzuri, ila zichunguze mambo mawili kabla ya jina. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa nchini mwaka 2015, sisi hupokea matangazo ya kidijitali ya antena kwa mfumo wa DVB-T2. Uingereza hutumia DVB-T2 kwa chaneli zake za HD, lakini nyingine ziliendelea kurushwa kwa DVB-T ya zamani, kwa hiyo runinga nyingi za huko, hata za Full HD, hazina kipokezi kinachofaa hapa na zitakulazimu ununue dekoda. Tafuta maandishi "Freeview HD" kwenye fremu au kwenye menyu. Ukiyaona, kipokezi cha DVB-T2 kimo. La pili, geuza runinga usome kibandiko cha nyuma. Volti 220 hadi 240, au 100 hadi 240, ni salama. Ukikuta 100 peke yake ni ya Japani, na 120 peke yake ni ya Marekani. Hizo mwachie mwenyewe. Kisha weka picha nyeupe tupu na uangalie kama kuna duara angavu au sehemu zilizofifia, maana hizo ni dalili za taa za nyuma kuchoka.

Mchangiaji wa Bamburi:
Kaka, hesabu zako nazikubali, lakini umezungumza juu ya macho peke yake. Nyumbani kwetu pangaboi haizimwi kuanzia Novemba hadi Machi, na runinga yetu nyembamba, yenye spika zilizoelekezwa chini, haisikiki mpaka sauti ifike mwisho, na ikifika mwisho hukwaruza. Mama yangu mzazi ameacha kufuatilia taarifa ya habari kwa sababu hiyo. Kwangu mimi, mwenye shilingi 30,000 anunue runinga ndogo kwa inchi chache na fedha iliyobaki anunue spika ya nje.

Mwanzisha uzi:
Dada, umenishinda, na nakiri kwamba hilo lilipaswa kuwa katika andiko la kwanza. Spika za runinga za kiwango hiki huwa na wati 6 hadi 10 kila upande na hazina nafasi ya kutoa sauti nzito, hasa mbele ya pangaboi. Nitaongeza tu kwamba kabla ya kulipa, tazameni kama tundu mojawapo la HDMI limeandikwa "ARC", yaani linaweza kutoa sauti ya runinga kwenda spika ya nje, au kama kuna tundu la sauti la optiko, ili spika au wufa iunganishwe kwa urahisi. Kama mnayo wufa ya zamani inayofanya kazi, msiitupe. Tundu la visikizi linatosha kuiunganisha.

Mchangiaji wa Majengo:
Mimi ni fundi, na nimekuwa nikifungua runinga kwa miaka mingi. Zinazoletwa kwangu zaidi ni zilizokufa taa za nyuma: sauti ipo, picha haipo, na ukimulika kwa tochi unaona vivuli vikitembea. Taa hizo hubadilishwa kwa gharama ya kiasi. Kioo chenyewe hakitengenezwi, na kununua kingine hukaribia bei ya runinga mpya. Kwa hiyo naomba watu wafanye mambo mawili. Wapunguze mwangaza wa taa za nyuma hadi kiasi cha nusu au robo tatu, kwa sababu hutoka kiwandani ukiwa juu sana na taa huungua mapema. Pili, wakiibeba kwa tuktuk au wakivuka nayo kwa feri, isilazwe chali. Isimame wima ndani ya katoni yake, na mtu aishike asiiegemee. Nimepokea runinga ambazo hazikuwahi kuwashwa hata mara moja. Na gadi haizuii radi inayopitia waya wa antena; mvua ikianza kunguruma, chomoeni antena pia.

Mwanzisha uzi:
Ahsante sana fundi. Hilo la antena sikulijua, na yangu iko juu ya paa.

Mchangiaji wa Mikindani:
Ndugu, nimefuata ushauri nikapima. Mimi nimepanga chumba kimoja, na kutoka kwenye mto wa kitanda hadi ukutani ni mita 1.5 tu. Nilikuwa nimeshaiwekea miadi ile inchi 32 ya "HD Ready" uliyoisifu. Niendelee?

Mwanzisha uzi:
Usiendelee kwanza. Niliisifu kwa aliye umbali wa mita 1.8 na zaidi. Wewe uko ndani ya mpaka huo, na utaziona ngazi ndogo kwenye kingo za maandishi, hasa ukitazama mpira na kusoma matokeo yanayopita chini ya skrini. Kwa mita 1.5, inayokufaa ni inchi 32 ya Full HD, ambayo pikseli zake hupotea machoni kuanzia kama mita 1.3. Si maduka mengi yanayoiweka, kwa hiyo itakubidi uulize kuanzia barabara ya Digo hadi Mwembe Tayari, na wengine watakwambia kwamba inchi 32 zote ni sawa. Ukiikosa, inchi 40 ya Full HD itakuwa kwenye ukingo wa mpaka, lakini kwa chumba kimoja nahofia itakuchosha shingo. Andika kwenye risiti namba ya modeli na muda wa dhamana, na uhakikishe dhamana hiyo inashughulikiwa hapahapa Mombasa bila kukulazimu kuisafirisha runinga hadi Nairobi. Na kabla hujatuma fedha kwa M-Pesa, chomeka flashi yenye ile picha ya mistari; ikitokea ya kijivu, itie flashi yako mfukoni uende duka linalofuata.